Asikauke

Mdogo wangu alikuwa mfinyanzi wa sanamu, na mimi ndiye niliyeziua sanamu zake. Usishtuke, ndiyo kazi ilivyo. Yeye alifinyanga kichwa cha mtu kwa udongo, akakipa macho, mdomo na kiburi. Mimi nikaja na ndoo yangu ya plasta, nikakifunika chote, nikangoja plasta igande, kisha nikauchokoa udongo wote kwa ndani kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Kinachobaki hapo ni kalibu, yaani uso uliogeuzwa ndani nje. Ndani ya kalibu namimina plasta nyingine, nayo ikikaza naivunja kalibu kwa patasi na nyundo mpaka kichwa kitoke. Udongo umekwisha, kalibu imekwisha, kimebaki kichwa kimoja. Hakuna kurudia. Ukikosea umekosea.

Watu huuliza kwa nini tusiuache udongo kama ulivyo. Kwa sababu ndani yake kuna mti na waya wa kuushikilia, na udongo ukikauka hunywea, lakini waya haunywei. Basi hupasuka, na pua ya mtu ikadondoka sakafuni mchana kweupe. Kuuchoma kwenye tanuri nako hakuwezekani, una vyuma tumboni. Kwa hiyo kichwa cha udongo kina mambo mawili tu: kikae kibichi siku zote, au kije kwangu.

Tulifanya kazi hivyo tangu ujana wetu, katika gereji iliyokuwa ya baba. Yeye upande wa dirishani penye mwanga, mimi upande wa sinki, ambalo kwa sababu ya plasta yangu halijawahi kupitisha maji kama sinki la watu wengine. Wateja walikuwa wastaafu, wenye makampuni, wajane wenye nafasi. Wote, bila kuambizana, waliomba wapunguziwe kidevu. Mdogo wangu hakumpunguzia mtu. "Kidevu ni chako," alikuwa akiwaambia, "umekilisha mwenyewe." Wakikasirika nilikuwa nawapa kiti na chai, maana mmoja wetu alipaswa kuwa na adabu, na siku hizo zamu ilikuwa yangu.

Kisha akaugua. Ule ugonjwa wa kummega mtu kidogo kidogo. Alipoona hawezi tena kusimama muda mrefu, aliweka kioo mbele yake, akaketi kwenye stuli, akaanza kujifinyanga mwenyewe.

"Nimewatazama watu maisha yangu yote, Dada," aliniambia. "Acha na mimi nijitazame."

Nilidhani atajipendelea kidogo, mtu mgonjwa ana haki hiyo. Wapi! Aliiweka pua ya ukoo wetu kama ilivyo, pua inayofika mlangoni kabla ya mwenyewe. Akaweka kovu la kwenye unyusi, alilolipata kwa kuteleza bafuni ingawa wasichana aliwasimulia kwamba ni la ugomvi. Akaweka mifuko ya chini ya macho na mashavu yalivyoanza kubonyea. Na hakulainisha popote. Kila bonge la udongo alilobandika aliliacha na alama ya dole gumba lake, moja juu ya nyingine, hata ukikitazama kile kichwa uliona uso na uliona vilevile mkono uliokuwa ukiutafuta huo uso. Picha zake tunazo nyingi. Lakini picha ni vile kamera ilivyomwona, na kile kilikuwa vile alivyojiona yeye.

"Kipigie kalibu sasa," nilimwambia. "Kimekwisha."

"Bado mdomo. Nitaumaliza nikipata nguvu."

Nguvu hazikuja. Siku za mwisho, kitandani, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Usiache nikauke." Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Sote tulijua anazungumzia kile kichwa.

Mkewe, wifi yangu, ni mshonaji. Mimi na yeye tumegombana kwa heshima zote tangu alipoingia katika ukoo wetu, kama inavyotakiwa kwa mawifi. Yeye alisema natia plasta kwenye vikombe vyake, mimi nikasema ana kiburi cha sindano: kichwa kidogo, ncha kali. Mdogo wangu alikuwa akitucheka sote wawili. Aliyekuwa akitucheka alipoondoka, utani wetu ulibaki bila mwenyewe, na tukawa hatujui tuseme nini.

Baada ya mazishi, nyumba ilipotulia, nilikwenda kwake. Nilikuta amekihamisha kile kichwa kutoka gerejini, amekiweka juu ya meza ya kushonea, kando ya cherehani, kimefunikwa kitambaa kibichi.

"Wifi, nimekuja kumchukua."

"Umpeleke wapi?"

"Nikampigie kalibu. Alitaka hivyo."

Alikuwa amesimama kati yangu na meza. "Ukishampigia hiyo kalibu, udongo wake unakwenda wapi?"

Mdomo wangu hauna breki, haujawahi kuwa nazo. "Unaingia kwenye ndoo," nilisema.

"Mume wangu ameshaingia ardhini," alisema wifi. "Kwenye ndoo haingii."

Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Nikamweleza mambo ya waya na kunywea. Akasema, basi hatakauka, ameahidi, na yeye si mtu wa kuahidi akasahau. Nikaona nikisukuma zaidi nitavunja kitu kingine kisicho cha udongo. Nikaondoka.

Tangu hapo nilikwenda kumjulia hali mara kwa mara, na kila nikienda macho yangu yalikimbilia mezani kabla ya salamu. Kitambaa kilikuwa kibichi kila siku. Nikiomba kufunua kidogo tu, ananiambia, "Mwache, amelala," na anakata uzi kwa meno kama mtu aliyefunga mazungumzo. Mimi nikawa naridhika na ule ubichi. Nilijiambia, udongo mbichi husubiri. Siku moja huzuni itapungua makali, ataniita mwenyewe.

Kweli aliniita. Ilikuwa asubuhi, nikiwa natwanga mabonge ya plasta yaliyopata unyevu.

"Wifi, njoo," ilisema sauti kwenye simu. "Amepasuka."

Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali ilinifika hadi kwenye meno. Niliiuma, nikaimeza. Nilichukua ndoo, mfuko wa plasta, sabuni, brashi na vipande vyangu vya bati, nikaenda kwa miguu kwa sababu miguu ilikuwa na haraka kuliko mimi.

Alikuwa amekaa mbele ya meza, mikono mapajani. Ufa ulianza nyuma ya sikio ukashuka mpaka shingoni, na taya lilikuwa limeanza kujitenga na waya. Huo ufa ndio niliouona kwanza, kwa sababu alinionyesha kwa upande ule. Halafu nikazunguka mbele.

Kilikuwa kichwa cha mtu. Kilikuwa na pua, lakini pua ya yeyote. Kovu halikuwepo. Mifuko ya macho ilikuwa imelala, mashavu yamelainika, yanang'aa kwa maji kama kokoto la mtoni. Na alama za dole gumba, zile alama zote, sikuona hata moja.

"Nini kimetokea?" niliuliza.

"Si nimekwambia, amepasuka. Na mimi sijamwacha akauke hata siku moja, wifi. Hata siku moja! Asubuhi na jioni namlowesha."

"Unamlowesha na nini?"

Akashangaa swali hilo. Akavuta bakuli la maji lililokuwa kando ya cherehani, akachovya kiganja, akakipitisha juu ya ule uso taratibu, kutoka kwenye paji, juu ya jicho, akashuka shavuni mpaka kidevuni. Akachovya tena, akapita upande wa pili. Alifanya kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa mtu yeyote, na mimi nimeona mama zetu wakiosha watoto wachanga.

"Kama alivyokuwa akifanya yeye," alisema. "Mara nyingi nikimletea chai gerejini asubuhi namkuta anafanya hivi."

Nilielewa, na ufa nao nikauelewa: udongo ukizidishiwa maji hulegea ukaachia waya. Ni kweli mdogo wangu alikuwa akifanya hivyo. Alipoanza kazi mpya asubuhi, udongo ukiwa bado ni bonge lisilo na macho, alichovya kiganja akaupapasa ili ulainike. Uso ukishatokea hakuugusa tena kwa kiganja. Aliunyunyizia maji kwa mbali, akaufunika kitambaa, basi. Lakini kitambaa huwekwa jioni, na chai huletwa asubuhi. Mkewe aliona nusu ya kwanza tu ya kazi, akaishika kwa moyo wake wote, akamfuta mumewe siku baada ya siku kwa mkono uleule aliompendea.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika kile kiganja nikitupe dirishani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja cherehani, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Anafanana, au siyo?" aliuliza. Alikuwa akimwona kila siku. Kila siku alimwona kama jana. Na macho yake yalikuwa yananiomba.

"Anafanana," nilisema.

Hapo ningeweza kumwambia. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa bado na tumaini, tumaini la kijinga la fundi. Plasta huona kuliko jicho. Nimewahi kuvunja kalibu nikakuta mguu wa inzi aliyekanyaga udongo, nikakuta mstari wa unywele mmoja. Niliwaza, udongo ukiwa na maji hung'aa, mng'ao huficha mengi. Huenda yeye yumo bado. Huenda kovu limebaki kama mkwaruzo. Plasta nyeupe isiyong'aa itamtoa.

"Nimpigie kalibu, wifi? Taya likianguka hakuna wa kulirudisha."

Alilitazama lile taya, kisha akasema, "Nifanye nini?"

"Shika beseni."

Tulifanyia kazi palepale chumbani kwake, kati ya vitambaa vya wateja, maana hakukubali mumewe atoke nje. Nilitandaza nailoni. Niliziba ufa kwa udongo laini, kidogo tu, bila kugusa uso. Nilichomeka vipande vya bati kimoja kimoja kuanzia utosini, nikashuka nyuma ya masikio hadi mabegani, kama ukuta mdogo wa kuigawa kalibu pande mbili. Nikakoroga plasta ya kwanza na bluu ya kufulia, ili siku ya kuvunja rangi inionye kwamba niko karibu na ngozi. Plasta hiyo ya kwanza hairuhusiwi kupakwa. Hurushwa kwa vidole, tap, tap, tap, ili iingie kila mkunjo. Nilirusha nikitafuta mikunjo. Ilikuwa inateleza tu.

"Unampiga makofi," alisema wifi, akajaribu kucheka.

"Yalikuwa yake ya siku nyingi," nilisema. Tulicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba, na kilituumiza sote.

Niliongeza plasta nyeupe, nene, mpaka kichwa kikawa bonge kubwa lisilo na umbo. Tukakaa kungoja. Plasta ikiganda hupata joto, hilo kila fundi analijua, na nilikuwa nimesahau kwamba yeye hajui. Aliweka mkono juu ya lile bonge, akautoa haraka, akaurudisha.

"Ana joto," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Wifi, ana joto kabisa."

Ningemweleza ni unga wa plasta na maji vinavyokutana. Sikumweleza. Nilimwacha ashike mpaka lilipopoa, na mimi nikaweka mkono wangu upande wa pili.

Kalibu ilipokaza niliifungua kwa kabari, ikaachia kwa ule mlio wa kunyonya ninaoujua vizuri. Wifi aligeukia ukutani. Nikachokoa udongo kwa vidole na kijiko, nikaujaza ndani ya ndoo, na kila bonge lilipoanguka mabega yake yaliruka. Nilipomaliza niliosha pande zote mbili nikazipeleka dirishani.

Kalibu tupu ya uso ina tabia moja. Ingawa imeingia ndani, ukiitazama kwenye mwanga huona kama imetokeza nje, na ukisogea, inakufuata kwa macho. Wateja wetu wote walikuwa wakinifuata hivyo gerejini, wengine nilikuwa nikiwaambia waangalie mambo yao. Nilisogea kushoto. Nikasogea kulia. Nikapitisha ncha ya kidole pale ambapo kovu lilipaswa kuwa, mara moja, mara mbili. Paji lilikuwa laini kama sahani. La kuvunda halina ubani. Hata hivyo nilipaka sabuni, nikapangusa, nikapaka tena, nikafunga pande mbili kwa kamba na katani iliyolowekwa plasta, nikamimina. Nilifanya kila kitu sawasawa. Sijawahi kupiga kalibu nzuri kama ile.

Siku ya kuvunja alikuwa amevaa nguo ya kutokea na amechana nywele. Alikuwa amesafisha meza, ameweka kitambaa cheupe. Nilipomwona hivyo nilipiga moyo konde, nikashika patasi. Plasta nyeupe ilibanduka vipande vipande. Ikaja bluu. Nikapunguza nguvu. Ikadondoka ile bluu, kwanza utosini, kisha kwenye paji, na nyeupe ya ndani ikaonekana, na nilijua kabla sijafika kwenye pua, lakini niliendelea kwa sababu nyundo ilikuwa mkononi na yeye alikuwa amesogea karibu sana, akinipumulia begani.

Nilipangusa vumbi. Kichwa kilikaa mezani kwenye mwanga wa dirisha, cheupe, bila maji ya kukificha. Kilikuwa kama mtu unayemwona kupitia dirisha lenye mvuke. Mashimo mawili ya kina kifupi palipokuwa na macho. Kilima palipokuwa na pua. Alama ya ufa niliouziba nyuma ya sikio tu ndiyo iliyotoka vizuri, mpaka punje zake.

Wifi alizunguka meza. Akainama, akasogea, akarudi nyuma.

"Huyu ni nani?"

Niliweka nyundo chini.

"Wifi, huyu ni nani? Yuko wapi? Nilikupa mume wangu, hapa, kwa mikono yangu, ukasema anafanana!" Sauti ilipanda, ikavunjika. "Umemfanya nini? Umemfanya nini ndugu yako?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni, mzima, wa moto. Mdomo huu usio na breki. Nimewaambia watu ukweli maisha yangu yote, wateja, majirani, hata yeye mwenyewe siku ya harusi yake kuhusu mikono ya lile gauni. Niliutazama uso wake.

"Nimekosea," nilisema. "Sabuni. Nilipaka nyingi mno, ikajaa kwenye mikunjo, plasta haikuingia. Ni kosa la mkono wangu."

"Kosa?"

"Ndiyo, wifi."

"Miaka yote hiyo, vichwa vya watu vyote hivyo, wenye videvu na wasio na videvu, hukukosea. Ukaja kukosea kwake?"

"Ndiyo."

Aliniita majina. Mengine sikujua kama anayajua. Aliniambia nimuonee haya marehemu, aliniambia siku zote nilitaka awe wangu peke yangu, na sasa nimehakikisha hana mwenyewe. Nilisimama nikayapokea. Yalipoisha alianguka kwenye kiti mbele ya kile kichwa, akalia kama hakulia siku ya mazishi, na akilia hivyo, bila kufikiri, akanyoosha mkono kumpapasa, kama alivyozoea kila asubuhi na kila jioni.

Kiganja kilishuka kutoka kwenye paji, kikapita juu ya jicho, kikafika shavuni. Kikatua. Shavu lilikuwa limebonyea kidogo kwa upana wa kiganja, na kiganja kikaingia mle kikatulia, vidole vinne kwenye mifereji minne isiyoonekana vizuri kwa macho, dole gumba kando ya pua. Hakuna fundi ambaye angeweza kupima hivyo.

Alinyamaza.

Aliutoa mkono, akautazama, akaurudisha. Ukaingia tena. Akajaribu mkono wa pili, shavu la pili. Nao ukaingia.

Nilisikia mtaa mzima nje, watu wakiuza, wakiitana, wakicheka. Wifi hakugeuka kunitazama.

"Ni sabuni?" aliuliza, taratibu sana.

"Ni sabuni, wifi. Nimeshakwambia. Niliizidisha."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtoto anayekubali jambo kwa sababu mkubwa amechoka. Kisha akaiondoa mikono yake yote miwili, akaiweka mapajani, akaifunga kwenye nguo ile ya kutokea mpaka isionekane. Kitambaa cheupe kilikuwa pale mezani, karibu naye kuliko nami.

"Mfunike wewe," alisema. "Mimi nisimguse."